Glavu ya Salha

Siku hizi ufundi wa mkono haufi na mwenyewe. Katika chuo kidogo cha Kwemashai, mchezaji wa vitara, panga za mashindano, akiondoka huacha glavu yake, na atakayeivaa hurithi mkono wake.

Tunda alipewa glavu ya kushoto ya marehemu mama yake, Salha. Bibi Mwanakheri, mzaa Salha, aliyemlea Tunda, akaenda kumtazama mazoezini. Binti alisalimu kwa kitara, akapinda kiwiko, akamgusa mpinzani kifuani kabla mwenzake hajapepesa jicho. Bibi akashika mdomo. "Subhanallah! Salha wangu yule!"

Jioni, Tunda akamenya viazi kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia, uliozoea kumsuka bibi nywele, ulikaa pajani kama mgeni.

"Kitendawili, mjukuu wangu."

"Tega, bibi."

"Kaburi lake liko Mombo, mwenyewe anamenya viazi jikoni kwangu."

Tunda hakucheka. "Bibi, kocha anasema nikiivaa glavu mpaka fainali, mkono wangu wa kulia hautajua kitu tena. Nikiirudisha leo, utapona. Niirudishe?"

Bibi alijua la kusema. Neno lilikuwa ulimini. Mara ule mkono wa kushoto ukaweka kisu chini, ukamtengeneza bibi kanga begani, ukampapasa sikio, kama Salha alivyofanya kila alipotaka kudeka. Tunda mwenyewe alikuwa akitazama sufuria.

"Bibi? Niirudishe?"

Bibi akaufunika ule mkono kwa mikono yake miwili. Ulikuwa na joto.

"Ngoja kwanza fainali ipite, mwanangu," akasema.