Mbuzi wa Kumuaga Ndugu Meneja

Bi Mwanakheri, mmoja wa wapishi wa karamu, alianza kulia kabla mbuzi hajachunwa. Alilia akichagua mchele, akalia akipepeta, na Melkizedek, aliyeketi kwenye kiti cha kukunja ndani ya kaunda suti mpya, akahisi moyo wake unalainika kama muhogo ulioiva.

"Nyamaza, mama," alimwambia. "Bado sijaamua kama naenda."

Kilio kikazidi.

Nafasi yenyewe ilitoka Dar es Salaam, wala yeye hakuiomba: miaka minne Ulaya, kwa marafiki wa kijamaa, akachukue shahada ya biashara. Bila shaka wakubwa walikuwa wamesikia sifa zake. Nani asiyezijua? Ndiye meneja wa duka la ujamaa hapo Kidete, tena ndiye msimamizi wa shamba la pamoja. Alfajiri ndiye aliyegonga kipande cha reli kuwaamsha watu. Aliyechelewa alimwongezea matuta ya kulima kwenye jua la utosini, apate kuyazoea maendeleo. Sukari aliigawa kwa kijiko, tena baada ya hotuba. Asiyesikiliza hotuba alikunywa chai ya chumvi.

Sasa Melkizedek alikuwa njia panda. Shahada aliitamani, weee! Alikwisha kujiona anashuka kwenye treni na mkoba wa ngozi, anaitwa Mkurugenzi. Lakini kijiji je? Watu wasioweza hata kupanga foleni bila kukemewa, angewaachia nani?

Shaka hiyo alimweleza mwenyekiti wa kijiji, mzee Thadeo. Mzee alimshika mikono yote miwili.

"Nenda, mwanangu. Sisi tutajikaza hivyo hivyo."

"Miaka minne, mzee!"

"Hata kumi. Elimu haina mwisho. Wakikupa kazi huko, usiwavunje moyo wenyeji. Na mchumba ukimpata, oa huko huko."

Melkizedek aliondoka akimwonea huruma. Wazee gani hawa, kujinyima namna hii!

Basi siku ya karamu ikafika, na afisa kutoka Kilosa akaja kuchukua jibu. Wali ulipakuliwa kwenye masinia, firigisi za kuku akawekewa meneja peke yake, ngoma ikapigwa. Lakini wanawake, badala ya kucheza, walilia. Domina wa jirani alijifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika.

"Nani atatukemea sisi sasa?" alisema kwa shida. "Nani, jamani?"

Bibi mmoja akajitupa chini, akagaagaa. Mwingine akamfuata. Mpita njia angeuliza maiti iko wapi.

Afisa akatazama saa yake. "Ndugu, treni iko karibu. Unakwenda au huendi? Ukikataa, nafasi anapewa mtu wa wilaya nyingine, na haitarudi."

Melkizedek akasimama. Akautazama umati, akamwona Bi Mwanakheri anavyojipiga kifua.

"Ndugu zangu," alisema, "shahada ni karatasi tu. Nani mwenye roho ya jiwe awaache watu wanaomlilia hivi? Bwana afisa, wape wengine. Mimi siendi Ulaya. Nitabaki na watu wangu hapa hapa Kidete mpaka siku nitakayokufa!"

Ngoma ikakatika. Bi Mwanakheri akakaa vumbini polepole, na sasa machozi yakawa yanamtoka bila sauti. Mzee Thadeo, aliyekwenda Kilosa na Morogoro mpaka viatu vikamwishia miguuni, akiwabembeleza wakubwa wamtafutie kijana huyu masomo ya mbali, mbali kabisa, akawageukia wanawake. Akawanong'oneza, meno ameyauma:

"Niliwaambia mlie kidogo tu. Nani aliyezidisha?"