Landrova ya Waliosahau

Kwa mara nyingine Bibi Vitalia alikutwa mahameni kwake, kule milimani Tingi, anapukuchua mahindi kama vile hakuna aliyehama.

"Shikamoo, baba," alimwamkia Egidi, dereva wa serikali, kijana wa umri wa mjukuu wake.

Egidi akageuka kutazama kama kuna mzee nyuma yake. Akampakia bibi kwenye Landrova, akapakia na gunia lake la mahindi, wakateremka hadi kijiji kipya cha ujamaa, ufukweni mwa ziwa.

Bonifasia, rafiki yake tangu usichana, aliposimuliwa alicheka mpaka kanga ikamfunguka. Loo, Vitalia huyu! Serikali ilipowahamisha, mavuno yao yote yalibaki mahameni. Mwenye akili timamu akikamatwa huko, atalimishwa shamba la kijiji mpaka aimbe. Lakini aliyepotewa na kumbukumbu hurudishwa kwa gari, yeye na mzigo wake!

Wiki ile ile Bonifasia naye akasahau. Akarudi na maharage. Mzee Raimundi akasahau, akarudi na mahindi, mbuzi na mlango wa nyumba. Hata hivyo, hakuna aliyemfikia Vitalia kwa ufundi. Nani mwingine angethubutu kumpa mtoto shikamoo?

Habari zikafika mbali. Akaja Daktari Cuthbert kutoka Dar es Salaam, na sindano zake.

"Kijiji kimoja, wasahaulifu wote hawa!" alisema, macho yanang'aa. "Wazee wangu, ndani ya kila chembe nyeupe ya damu mna nyuzi za urithi, kromosomu, arobaini na sita. Nataka kuona kama kwa anayesahau zinapungua."

Bonifasia akauficha mkono wake ndani ya kanga. Mdomo utadanganya, damu je? Nyuzi zikitimia, safari zimekwisha, na ghalani kwake Tingi bado kuna mahindi ya kulisha wajukuu mpaka mavuno mengine.

Daktari akawatoa damu wote, Vitalia naye, akaondoka nayo. Miezi ikapita. Daktari akarudi amenuna, akawaita ofisi ya kijiji. Wote wakaja, isipokuwa Vitalia.

"Mzee Raimundi, nyuzi zimetimia. Mama Bonifasia, zimetimia. Damu za vijana watupu! Mnanichezea?" Akashusha pumzi. "Bibi Vitalia peke yake ndiye ambaye chembe zake nyingi zimepungukiwa. Huyo gari litaendelea kumfuata. Ninyi wengine, kalimeni!"

Bonifasia akajifunika uso kwa kanga, kicheko kisimtoroke. Ama kweli! Mwanamke huyu kaifundisha hata damu yake kudanganya!

Akakimbia mpaka kwa mwenzake, akafunga mlango, wakabaki wawili tu.

"Vitalia wee, umetuokoa! Landrova bado ni yako. Ukipotea tena, upotelee ghalani kwangu, eh?"

Vitalia akaweka gunzi chini, akapiga goti kwa adabu.

"Shikamoo, mama," alisema. "Bonifasia yupo? Tulisema twende wote mtoni kuchota maji."