Mashimo ya Hewa

Clegg, mtunza uwanja wa kriketi, alikuwa ametoboa mashimo katikati ili mizizi ya nyasi ipate hewa. Asubuhi aliyakuta yamejaa unga wa kijivu, na mjane wa nahodha wa timu amepiga magoti na mkebe wake.

"Majivu ya mzee hayo? Mama, unaniulia nyasi. Zitapumuaje?"

"Aliusia achomwe, majivu yamwagwe hapa." Mjane aliyashindilia kwa kidole gumba. "Kila Jumamosi nimewaandalia chai na mikate, timu nzima. Siku niliyokanyaga hapa kumletea kofia, alinifokea mbele ya watu nitoke kwenye nyasi zake. Na lile kaburi letu la wawili, kaniachia peke yangu."

Clegg akanyoosha mkono amwinue.

Mjane alisimama mwenyewe, akakanyaga shimo la mwisho kwa kisigino, akakizungusha.