Niwie Radhi kwa Mkono

Daktari Sanura aliwasha kompyuta, kisha akamwambia Mzee Kombo ainue kikombe cha kahawa kilichokuwa mezani.

Tangu mzee alipoanguka kutoka paani na kuumia ubongo, miaka kadhaa iliyopita, mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Sasa chini ya fuvu lake kulikuwa na kifaa kidogo kuliko ukucha, kinachosikiliza anachokusudia na kuuamsha mkono ukifanye.

"Usiufikirie mkono, mzee," daktari alisema. "Kitake kikombe tu."

Vidole vya mkono wa kulia vilitikisika. Vikafunguka kimoja kimoja, vikakizunguka kikombe, vikashika. Kahawa ilichezacheza lakini haikumwagika.

"Haya, kunywa sasa."

Mzee Kombo hakunywa. Taratibu, jasho likimtiririka, alikisogeza kikombe mpaka kikamwelekea mkewe, Mize, aliyeketi kando yake.

"Pokea, mama," alisema. "Niwie radhi kwa mkono wa kushoto."

Miaka yote hiyo alikuwa akimwomba radhi hivyo kila alipompa kitu, na ulimi ulikuwa umeshazoea.

"Mkono ni mkono," Mize alijibu kama kawaida yake. Kisha akautazama mkono wenyewe.

Daktari aliacha kuangalia kompyuta.

Mize alinyoosha mikono yake yote miwili, akaikinga chini ya kikombe bila kukigusa, ili mumewe aendelee kukishika.