Sketi ya Zamda

Kwa mara ya tatu muhula ule, Bi Mwanahawa alikuwa akifumua mshono wa sketi ya shule ya binti yake. Shomari, mumewe, alisimama mlangoni, kaifumbata pakiti ya vidonge.

"Leo navitupa chooni," alisema. "Daktari alisema kichwa cha mtoto kitatulia. Hakusema ataumuka hivi."

"Alisema. Wewe ulikuwa nje unaongea na simu."

Zamda, kajifunga khanga akisubiri sketi yake, alitokea nyuma ya pazia.

"Baba, darasani wananiita Pipa," alisema. "Nawasikia vizuri. Zamani nilikuwa siwasikii, zile sauti za kichwani zilikuwa zinapiga kelele mno."

Bi Mwanahawa aliugeuza mshono, akaona hakuna tena kitambaa cha kuachia. Akafungua sanduku, akatoa gauni lake la buluu, lile la harusini, akalitandika mezani na kuanza kulikata.

Zamda akamsogelea baba yake na kukinga kiganja apewe kidonge, kama afanyavyo kila asubuhi. Shomari aliusikia mkasi ukikata. Mkono wake ulikuwa bado umeifumbata ile pakiti.