Mpinzani Wangu, Flenji

Natamka rasmi, bila haya: mpinzani wangu alikuwa flenji, kiungo cha mabomba mawili, kitu kizima cha chuma kisichojua hata kusema shikamoo.

Ilikuwa siku ya mwisho ya likizo; kesho yake nilikuwa narudi shule ya bweni. Baba, fundi bomba, alikuwa amekipigia magoti tangu asubuhi. Alikisugua kwa brashi ya waya, akakipaka grisi, kisha akaanza kukizungushia utepe mzito wa kuzuia kutu, akiyatoa mapovu ya hewa kwa kidole gumba, taratibu, kama anayembembeleza mtoto mchanga.

"Tulia, mwanangu," alikiambia.

Mwanangu! Likizo nzima mimi nilikuwa "wewe."

Nikaweka kiganja juu ya flenji, palepale utepe ulipokuwa unaelekea.

"Toa mkono."

"Sitoi, Baba. Nifunge na mimi."

"Una wazimu?"

"Naota kutu."

Nilingoja kofi. Baba aliutazama mkono wangu, akautazama utepe. Kisha akauvuta, akaupitisha juu ya vidole vyangu, akavibonyeza kwa gumba lake, kimoja baada ya kingine.

"Usitikisike," alisema. "Hapa bado pana hewa."