Neno Moja Kutoka Kisiwani

Mama Kaveke alikuwa amesimama juu ya paa la mabati, na chini yake maji ya mto Athi yalikuwa yakiingia kwa madirisha. Alikuwa anapiga kelele. Gathoni, aliyesimama ukingoni upande wa Makueni, aliuona mdomo wake ukifunguka na kufungika, lakini mto ulimeza kila kitu.

Gathoni hakuwa mtu wa mito. Kazi yake ilikuwa ofisini, kusoma picha za satelaiti zinazoona ardhi hata kukiwa na mawingu, kisha kuwaambia watu wa kisiwa hiki kidogo katikati ya mto ni lini wahame. Siku mbili kabla, picha zilionyesha maji yakijikusanya huko juu. Alituma ujumbe kwa simu, akaja mwenyewe na daftari, na familia tisa zikavuka salama na mbuzi wao. Aliona fahari, wala hakuificha.

Waliobaki walikuwa wawili. Mzee Musyimi alikataa katakata. Aliwafukuza waokoaji kwa panga, akasema jicho la angani haliwezi kumfundisha mto aliozaliwa kando yake. Mkaza mwanawe, Mama Kaveke, akabaki kumbembeleza.

"Na Baba Kaveke?" Gathoni alikuwa amemuuliza jana, kalamu mkononi.

"Ako huko mjini Salama, kwa gereji. Nimemwambia asijali."

Basi Gathoni akaandika daftarini: wawili.

Sasa ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Kwenye picha ya alfajiri, kisiwa cha ekari kumi na mbili kilikuwa kimebaki kama kipande cha sabuni kinachoisha, na huko juu maji mengine, makubwa kuliko haya, yalikuwa njiani. Kwa hesabu yake yangefika saa sita. Aliogopa.

Mashua ya mpira ilikaribia paa. Aliyeiendesha ni Musembi, mtu wa Zombe, aliyeletwa jana kutoka ng'ambo ya Kitui pamoja na mwenzake. Mama Kaveke aligeuka, akatupa mkono nyuma, kuelekea nyumba ya mzee, akapiga kelele tena. Kisha mabati yakateleza chini ya miguu yake. Musembi alimdaka kwa rinda, akamvuta ndani. Aliitazama ile nyumba ya nyuma mara moja tu, akageuza mashua.

Walimlaza Mama Kaveke kwenye kiti cha nyuma cha gari. Alikuwa anapumua, lakini alikuwa amemeza maji mengi na macho hayakufunguka.

"Na mzee?" Gathoni akauliza.

Musembi alikuwa anakamua shati lake. "Madam, huyu mama amesema tumwache. Nimesikia neno moja tu, lakini amelirudia kama mara kumi. Mutie. Mutie. Na mkono hivi." Akausukuma mkono nyuma.

"Mutie ndiyo nini?"

"Ni Kikamba. Mwache."

Kwa Kikuyu chake Gathoni angesema mutige. Hilo halikuwa neno la kutafutiwa mkalimani.

"Ulimwona?"

"Sikuona mtu. Na ule mzee ako na panga, madam. Mimi niko na watoto wanne."

Ilibaki robo saa. Gathoni alimtazama Musembi, akamtazama mwenzake ambaye hata hakuwa na viatu, akautazama mto. Angewarudishaje wawili hawa kwa ajili ya mtu ambaye watu wa nyumba yake wenyewe wamesema aachwe?

"Toeni mashua majini," akasema. Sauti yake mwenyewe ilimchukiza.

Musembi alimshukuru Mungu kwa sauti, akaanza kuifungulia mashua upepo.

Maji yalikuja dakika tano kabla ya saa sita. Hayakuwa na haraka. Yalikuja mapana, mekundu, yamebeba miti mizima. Lile paa la mabati liliondoka kwanza. Nyumba ya mzee ilikaa kidogo, ikainama, ikaenda nayo. Gathoni alilia mbele ya watu wote bila kujificha. Kisha akafungua daftari na kupiga mstari juu ya jina la Musyimi.

Alikuwa hajafunga kalamu pikipiki ilipokuja kwa kasi ikifuata njia ya mto. Nyuma ya dereva alikaa mzee aliyejaa matope hadi kifuani, amepakata mbuzi.

Mzee Musyimi alishuka polepole. Hakumtazama Gathoni usoni.

"Usiku nilishindwa kulala," akasema. "Alfajiri nikavuka na upande wa Kitui, nikazunguka na daraja. Ile jicho yako ilisema ukweli, madam. Unisamehe."

Gathoni alimshika mikono yote miwili, akacheka huku machozi yanamtoka. Hakuna aliyepotea. Kisiwa kizima kimetoka, hadi mzee mwenyewe, hadi mbuzi wake. Musembi alichuchumaa kando ya mashua iliyolegea, akajifunika uso kwa shati.

Mzee alienda kwenye gari, akamwekea mkaza mwanawe kiganja kwenye paji la uso. Akawatazama watu waliosimama ukingoni, mmoja mmoja, kisha akawatazama tena.

"Na Mutie mmemweka wapi?"

Musembi aliinua kichwa.

"Mutie ni nani, mzee?" Gathoni akauliza.

"Si ni kijana yangu. Baba Kaveke. Alitoka Salama usiku kuja kunitoa, tukapishana. Saa nne amenipigia simu akiwa ndani ya nyumba yangu. Akasema maji imefunga mlango, lakini nisiogope, bibi yake atawaonyesha mahali ako."